Pumzi na Bawabu Wake

Mpwa wangu, ambaye alizaliwa Pemba akapelekwa Uingereza angali mtoto wa miaka tisa, na huko akakulia na kupata kazi, alipokuja kututazama katika siku za masika alikataa kuteremka bondeni bila ya viatu. Na mama yangu, ambaye kwake bonde la mpunga si shamba tu bali ni mahali ilipomwagika jasho la wazee wake wote, aliona katika kukataa huko kitu kibaya zaidi kuliko uvivu. Alisimama ukingoni, kanga kaifunga kiunoni, tope limempanda mpaka miundini, akamuuliza: "Mjukuu wangu, udongo uliomlea mama yako leo umekuwa sumu?" Kijana hakujibu kwa kiburi. Alisema, "Si udongo, bibi. Ni dawa ninayochomwa. Tabibu wangu ameniambia nijihadhari na minyoo." Mama akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza dawa hiyo, akasema: "Dawa gani hii inayomfanya mtu mzima amwogope mchango?"

Sikuwa na jibu siku ile, wala sina hakika kuwa ninalo leo.

Pumu imo katika ukoo wetu kama ilivyomo pua ndefu. Mimi mwenyewe ilinitembelea utotoni ikaniacha. Kwa kijana huyu ilikuja ikaweka makazi. Safari yake iliyotangulia, miaka kadha nyuma, nililala naye chumba kimoja, na mnamo saa nane ya usiku niliamshwa na sauti kama ya paka wawili wanaogombana nyuma ya mlango uliofungwa. Nikawasha taa nikamwona ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja kavisimika juu ya magoti, mabega yamepanda mpaka karibu na masikio, na pale juu ya mfupa wa kifua, kila alipovuta pumzi, ngozi ya shingo ikiingia ndani na kufanya kishimo cha kutosha kutiwa ncha ya kidole. Aliniita, "Mjo…", akapumzika, akalimalizia neno katika pumzi ya pili. Aliyekwisha kuiona hali hiyo hawezi tena kuizungumza pumu kama inavyozungumzwa barazani, kuwa ni "kifua" tu, maradhi ya watoto na ya vumbi la ufagio. Pumzi ni neema tusiyoihesabu kwa kuwa huja bila ya kuombwa. Na yule anayelazimika kuiomba kila moja peke yake, usiku kucha, anajua juu ya uhitaji wa kiumbe kwa Muumba wake jambo ambalo sisi wengine tunalisoma tu.

Yanayotendeka ndani ya kifua cha namna hiyo yastahili kuelezwa taratibu, kwani haifai kutoa hukumu ya dini juu ya kitu ambacho mtoaji hukumu hakijui. Mwaka 1879 tabibu wa Kijerumani Paul Ehrlich, katika kutia damu rangi ili aitazame kwa darubini, aliona chembe nyeupe za aina moja zilizoinywa kwa pupa rangi nyekundu iitwayo eosini, ambayo jina lake limechukuliwa kwa mungu wa kike wa alfajiri wa Wayunani wa kale. Chembe hizo akaziita eosinofili. Aghalabu wenye elimu huzihesabu, pamoja na kingamwili iitwayo IgE iliyogunduliwa katika miaka ya 1960, kuwa ni mabawabu wa mwili dhidi ya minyoo. Mnyoo ni mkubwa mno, hawezi kumezwa na chembe moja ya damu. Basi eosinofili humzunguka na kummwagia sumu zilizowekwa akiba ndani yake. Katika pumu kali ya namna moja, kwani pumu si moja, mabawabu hao huitwa kwa wingi katika njia za hewa ilhali hapana mnyoo hata mmoja, na sumu iliyokusudiwa adui ikamwagika juu ya kuta za nyumba yenyewe, kuta zikavimba, zikatoa ute mzito, na njia ya pumzi ikawa nyembamba kama ya mwanzi uliozibwa nusu.

Dawa mpya za pumu ya namna hiyo hazitulizi kuta, zinamwendea bawabu. Omalizumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2003, huishika IgE kabla haijafika kazini. Mepolizumabu, ya mwaka 2015, humkamata njiani mjumbe aitwaye intalukini-5, ambaye kazi yake ni kuziita eosinofili zitoke katika uboho wa mifupa. Na benralizumabu, ya mwaka 2017, ambayo ndiyo anayochomwa mpwa wangu kila baada ya wiki nane, hujibandika juu ya eosinofili yenyewe na kuziita chembe nyingine za mwili zije ziimalize, hata katika siku chache damu ikawa karibu haina hata chembe moja ya jinsi hiyo. Basi hapa bawabu hakukaripiwa wala hakupunguziwa zamu. Ameondolewa mlangoni.

Jioni ya siku ile suala lilipandishwa barazani, kama yanavyopandishwa masuala yote ya kijiji chetu, na Maalim aliyetusomesha chuoni sote tuliokuwapo, mtu wa insafu ambaye hukumu zake huja polepole, alilipokea kwa kulifumbia macho kwanza. Kisha akasema: "Mwili ni amana. Mwenye nyumba akikukabidhi nyumba yake, akakuwekea na bawabu, nawe ukamfukuza bawabu, mwizi akiingia utamwambia nini mwenye nyumba?" Kijana akajibu kwa adabu, "Na bawabu akiwa ananikaba koo mimi, Maalim?" Watu wakacheka, na Maalim naye akacheka, lakini neno lake hakulirudisha, na kwa haki, kwani kicheko si hoja.

Hoja ya amana ni nzito kuliko wanavyodhani vijana. Mafakihi wa zamani waliruhusu kukatwa mkono uliooza ili roho isalimike, na wengi wangetaka kulikata suala letu kwa mkasi huo huo. Lakini mkono ule umeharibika, ilhali eosinofili haina ugonjwa wowote. Inafanya kazi ile ile iliyoumbiwa, kwa ari ile ile, mahali pasipo pake. Kumwondoa mtumishi mwema kwa sababu amekosea anuani ni jambo jingine kabisa, na mtu mwenye kumcha Mungu ana haki ya kusita. Hata hivyo naona Maalim alikosea katika kukijua kitu kilichokabidhiwa. Amana ni pumzi. Bawabu aliajiriwa kwa ajili yake. Haiwezekani ulinzi wa nyumba ukawa na heshima kuliko maisha ya waliomo ndani, na anayeuacha ukuta umwangukie mtoto kwa kuwa ukuta ule ni wa waqfu hajailinda waqfu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa tawakali wa kitabu chake cha Ihya, amezipanga daraja tatu sababu za kuondoa madhara, na mpango huo ungefaa kubandikwa katika kila duka la dawa la pwani hii. Ziko sababu za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa, ambazo kuziacha si tawakali bali ni dhambi pale mtu anapoihofia roho yake. Ziko sababu za dhana yenye nguvu, na humo ameiweka dawa ya tabibu, ambayo kuitumia hakuitengui tawakali hata kidogo. Na ziko sababu za wahamu tu, kama kuchomwa moto na kuzinguliwa, ambazo mwenye tawakali aziache. (Hirizi ya pumu, ambayo mimi mwenyewe niliivaa shingoni mpaka ikanifanyia kidonda, najua ingekaa wapi.) Basi sindano ya mpwa wangu imo katika daraja ya kati, na viatu vyake vya bondeni vimo humo humo, na kidonge cha minyoo vilevile, wala simwoni Ghazali akimlaumu kijana kwa kuvaa mabuti, kama ambavyo nisingemwona akimsifu mama yangu kwa kuchukia mabuti.

Lakini daraja ya dhana ina tabia moja ambayo haikunishughulisha nilipoisoma ujanani. Dhana hujengwa na habari, na habari zina kwao.

Kanuni ya mafakihi yasema kuwa yakini haiondolewi na shaka, na kanuni nyingine kuwa dhara iliyo kubwa huondolewa kwa kuichukua iliyo nyepesi. Na mtu mwenye haraka angekamilisha hesabu yake kwa sekunde moja, kwamba kifua kilichofunga ni yakini, mnyoo ni shaka, basi na achomwe. Mimi nasita katika neno shaka. Shaka ya mtu wa London, anayetembea juu ya lami na kula mboga iliyooshwa kiwandani, si sawa na shaka ya mtu ambaye nyuma ya nyumba yake lipo bonde la mpunga na mbele yake liko ziwa au kijito chenye konokono wa kichocho. Na wale waliozipima dawa hizi kwa majaribio makubwa waliwaondoa tangu mwanzo watu waliojulikana kuwa na minyoo. Walifanya hivyo kwa nia njema, wala sioni wangeweza kufanya vingine kwa dhamiri safi. Ila walioondolewa kwa ajili ya usalama wao waliondolewa pia katika maarifa, na leo mtu wa nchi za minyoo anapouliza kama dawa ile inamfaa, hujibiwa kwa ushuhuda wa watu wasiofanana naye.

Lipo jaribio moja lililokwenda kinyume cha ada hiyo. Lilifanywa Brazili, likaandikwa mwaka 2007, nalo liliwachukua watu 137 wa mahali palipojaa minyoo, wenye pumu au mafua ya mzio, wengine wakapewa omalizumabu na wengine sindano isiyo na dawa kwa muda wa wiki 52, baada ya wote kutolewa minyoo kwanza. Kati ya waliopata dawa, watu 50 katika kila 100 walipata minyoo tena. Kati ya wasiopata, 41. Tofauti hiyo ni ndogo, yaweza kuwa imeletwa na bahati tu, na waliopata minyoo hawakuugua zaidi ya wenzao wala hawakushindwa kutibika. Habari hii inatuliza, lakini haitoshi kuleta usingizi, kwa kuwa ni ya dawa moja, na dawa zilizokuja baadaye zinamwendea bawabu mwingine. Ndiyo maana karatasi inayokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa, kwa herufi ambazo mama yangu angezidhania kuwa ni chungu waliopanga mstari, husema kuwa mwenye minyoo atibiwe kabla ya kuanza, na akiipata katikati ya matibabu, na dawa ya minyoo isimsaidie, sindano isimamishwe mpaka apone. Karatasi ya mepolizumabu hutaja pia mkanda wa jeshi, uliowatokea wachache. Kifua kikuu, ambacho kwetu ndicho kinachotajwa kwanza kila likitajwa neno kinga, si eosinofili zinazokizuia. Kina walinzi wengine, na sindano hizi za eosinofili hazikuwaendea wao.

Na hapa ndipo nilipobishana na Maalim. Yeye naye ana kifua. Kila upepo wa kusi unapoanza, hupeleka mjukuu wake dukani akamletee vidonge vidogo vyeupe, akavimeza wiki tatu, nne, wakati mwingine mpaka kaskazi, kisha huviacha kwa siku moja kama mtu anayezima taa. Jioni ile nilimwomba anionyeshe. Alitia mkono katika mfuko wa koti, chini ya tasbihi, akatoa kijikaratasi cha kaki kilichokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na vidonge kumi na kimoja vya prednisoloni. Nikamwambia, "Maalim, mpwa wangu amemwondoa bawabu mmoja. Wewe umewalevya wote."

Prednisoloni ni jamaa ya kotisoni, ile dawa ambayo Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walimpa mgonjwa wa viungo kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na miaka miwili baadaye wakatunukiwa tuzo ya Nobel. Sina neno la kuitukana. Imewatoa watu wengi katika mdomo wa kaburi, na kwa shambulio kali la pumu, ikitolewa kwa siku chache, hapana tabibu mwenye akili atakayeiacha. Lakini ikikaa mwilini kwa miezi haichagui: huzilegeza kinga karibu zote pamoja, kifua kikuu kilicholala kikaamka, tetekuwanga ikawa maradhi ya kuua mtu mzima, na uko mnyoo mmoja, mwembamba kuliko uzi, aitwaye strongiloidi, anayeingia kwa ngozi ya nyayo, ambaye huweza kuzaliana ndani ya mtu mmoja kwa miongo ya miaka bila ya kumwudhi sana. Wafungwa wa vita wa Kiingereza waliotumikishwa na Wajapani katika kujenga reli ya Thailand na Burma walikutikana naye zaidi ya miaka thelathini baada ya kurudi kwao. Choo kikipimwa mara moja tu mara nyingi haonekani. Mtu mwenye mnyoo huyo akimeza prednisoloni kwa muda, mnyoo huzidi, hutoka matumboni, husambaa mapafuni na kwingineko, na wengi katika wanaofikwa na hayo hufa. Nyayo za Maalim zimeukanyaga udongo ule miaka sabini.

Mpwa wangu, kabla ya sindano, alikuwa akimeza vidonge hivyo hivyo mwaka hata mwaka. Uso ulimviringika, na ngozi ya mikono ikawa ikivilia damu kwa kuguswa tu. Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio la watu 135 wa hali yake, ambamo waliochomwa mepolizumabu waliweza, kwa kadiri ya katikati, kupunguza nusu ya vidonge vyao, ilhali waliochomwa sindano tupu hawakupunguza kitu. Kwa hivyo anayehesabu hatari ya sindano aihesabu pamoja na hatari iliyoondolewa na sindano, ndipo mizani itakapokuwa ya haki. Maalim aliniuliza, baada ya kimya kirefu: "Mbona hapana aliyeniambia?" Nikashindwa kumjibu, kwa sababu jibu la kweli ni kuwa vidonge vyeupe vimekuwapo kwetu tangu utoto wetu, ni rahisi, vinauzwa kama peremende, na jambo lililozoeleka halina mtu wa kulisimamia barazani na kuliuliza hukumu yake. Sindano ngeni imefika kijijini na jina gumu na bei ambayo hapana hata mmoja wetu angeilipa kwa mavuno ya karafuu ya mwaka mzima, ikaulizwa maswali yote. Kidonge kimepita mlangoni kila siku, na hakikuulizwa hata salamu. Nilimsihi tu asiviache kwa ghafula, kwani mwili uliozoea kupewa husahau kujitengenezea, bali aende kwa tabibu apimwe kifua na minyoo, na aulizie dawa ya kuvuta, ambayo dozi yake hubaki zaidi mapafuni na mtu akisukutua mdomo baada yake huepukana na utando mweupe wa ulimi.

Sina budi kuligusa jambo moja ambalo kijana mmoja wa baraza, msomi wa chuo kikuu, alilitupa katikati yetu kama anayetupa paka katika banda la kuku. Alisema kuwa minyoo ni rafiki, kwani mwaka 2000 wataalamu walioshughulika na watoto wa shule wa Gabon waliona kuwa wenye kichocho ngozi zao hazikuchachamaa mbele ya utitiri wa vumbi kama ngozi za wasio nacho. Na mwaka 2004 wakaona kuwa watoto walipotibiwa minyoo mara kwa mara uchachamavu ule ulizidi. Habari hizi ni za kweli, na ndani yake mna hekima ya kumstaajabisha mtu: mnyoo, ili aishi, humtuliza bawabu, na nyumba iliyozoea mgeni huyo kwa maelfu ya miaka huenda ikawa haijui kukaa bila yake. Lakini alipoendelea kusema kwamba basi tuwaache watoto na minyoo yao kwa kuwa Mungu hakuumba kitu bure, nilimkata. Mimi nimekaa darasani na mtoto wa safura. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi, na alikuwa akilala juu ya dawati kabla ya jua kufika katikati. Hekima ya Mungu katika kuumba mnyoo ni juu yake Mwenyewe. Juu yetu ni yule mtoto.

Siku ya tatu mpwa wangu alishuka bondeni. Alikuwa amekwenda Chake Chake akanunua mabuti meusi ya mpira yanayofika magotini, na kwa sababu alikuwa amevaa pia kofia ya jua, mama alipomwona akipita juu ya tuta alicheka mpaka akashika mbavu, akawaita wanawake wenzake waje wamtazame bwana shamba wa serikali. Aling'oa magugu asubuhi nzima, vibaya, na kila nusu saa nilimsikiliza kifua kwa mbali kwa mazoea ya zamani, sikusikia paka.

Jioni alitugawia dawa ya minyoo nyumba nzima, kidonge kimoja kimoja cha kutafuna, akieleza kuwa haifai yeye kujikinga ilhali anaokula nao hawajikingi. Watoto walitafuna mara moja. Mama alikipokea kwa mkono wa kulia, akakigeuzageuza mbele ya taa, akauliza kama ni kile kile walichowahi kugawa watu wa afya skulini, akaambiwa ndicho. Akakifunga katika pindo la kanga yake, fundo mbili, pamoja na senti zake, akasema atakitafuna Ijumaa.